Mandhari ya kijijini inapogoma kutoka: matatizo ya kadi za muhuri wa mpira na namna ya kuyatatua

Muhuri wa ofisi una kazi nyepesi: duara, herufi chache, tarehe katikati. Mandhari ya kijijini ni kazi nyingine kabisa. Kwenye kipande kimoja cha mpira kuna paa la makuti lililochorwa kwa mistari myembamba, kuna shina la mbuyu ambalo lote ni weusi mtupu, kuna uzio wa miti, ng'ombe wawili na mawingu. Shina linataka wino mwingi na mkandamizo. Makuti yanataka wino kidogo na mkono mwepesi. Vyote hivyo vinachapwa kwa pigo moja. Karibu kila lalamiko la watengeneza kadi linaanzia hapo, na ndiyo maana ushauri wa jumla kama "bonyeza zaidi" au "ongeza wino" huponya upande mmoja wa picha na kuuharibu mwingine.

Kabla ya kutafuta dawa, fanya jaribio moja. Paka muhuri wino mara moja, kisha chapa mara tatu mfululizo kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, ile ya kutolea fotokopi, bila kuongeza wino. Ikiwa picha ya kwanza ni chafu na ya pili ni safi, wino ulizidi. Kasoro ikibaki mahali palepale kwa zote tatu, tatizo liko kwenye mpira au ubao wake. Ikihamahama, ni mkono wako au meza. Na kama zote zimetoka vizuri hapo lakini kadi yenyewe inaharibika, usiulaumu muhuri tena; kesi ni ya karatasi.

Katikati pametoka peupe, au weusi una mabaka

Mara nyingi wino haukufika. Tumezoea kuushika muhuri na kuugandamiza kwenye pedi, kama karani. Muhuri wa mandhari mara nyingi ni mkubwa kuliko pedi, na hata ukiingia, kingo huchota wino mwingi kuliko katikati. Geuza kazi: muhuri ulale chali mezani, pedi ndiyo ishuke juu yake kwa kugongagonga, ukianza na sehemu nzito nyeusi na kumalizia kwa kugusa tu zile zenye mistari. Kisha inamisha muhuri kwenye mwanga. Penye wino patang'aa, pasipo na wino patabaki pamefifia. Ukaguzi huo huchukua muda mfupi na huokoa manila nyingi.

Kama wino upo kila mahali na bado pako peupe, chunguza ubao. Mbao hupinda, hasa ukiosha muhuri kwa kuuloweka. Laza rula juu ya uso wa mpira na utazame kama kuna mwanga unaopenya chini yake. Ubao uliopinda kidogo haumaanishi muhuri umekufa. Kata kipande cha karatasi nyembamba chenye umbo la ile sehemu hafifu, kiweke chini ya kadi mahali hasa sehemu hiyo itakapoangukia, halafu chapa. Wachapaji wa herufi za risasi walifanya hivyohivyo kwenye mitambo yao, wakiongeza karatasi safu kwa safu hadi herufi zote zitoke sawa, na hakuna aliyeona ni aibu.

Kwa muhuri mkubwa sana, usiuinue kabisa. Uache chali, umeshapakwa wino, laza kadi juu yake taratibu, funika kwa karatasi safi na usugue kwa vidole au mgongo wa kijiko, sehemu nyeusi kwa nguvu, makuti kwa upole. Kwa njia hii kila sehemu inapata mkandamizo wake, na mimi kwa picha yoyote inayozidi upana wa kiganja situmii nyingine.

Kuna pia njia ya kuchapa mara mbili mahali palepale. Mihuri ile ya kubandika, isiyo na ubao, inaweza kuwekwa kwenye mfuniko wa kasha la CD: kadi inakaa chini kwenye kona, muhuri umegandamana na mfuniko, unafunga, unafungua, unaongeza wino palipokosa, unafunga tena. Hakikisha kadi haijasogea. Kasha lenye bawaba zilizolegea litakupa mbuyu wenye mashina mawili.

Makuti yamegeuka doa

Hili ndilo kinyume cha la juu. Mistari ikijaa, kwanza chapa mara moja kwenye karatasi chakavu ndipo uchape kwenye kadi. Pigo la kwanza huondoa ziada. Likiendelea, tazama kilichoko chini ya kadi. Gazeti lililokunjwa mara nyingi au sponji nene huifanya karatasi izame ndani ya mifereji ya mpira na kuchota wino usiotakiwa. Safu mbili tatu za gazeti zinatosha. Mwisho, angalia mifereji yenyewe: wino wa miezi iliyopita hukauka humo na kuijaza. Mswaki laini, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha uanike kivulini uso ukiwa juu.

Kuna mistari ya ajabu pembeni ya picha, au kila kitu ni pacha

Mistari ya pembeni ni kingo za mpira zilizoguswa na wino. Futa kingo kwa kitambaa kabla ya kuchapa. Kama zinarudi kila mara, chukua wembe mkali upunguze mpira wa ziada kuzunguka mchoro, ukikata kwa kuinamisha wembe nje ili mpira ubaki na kitako kipana chini. Ukikata kuelekea ndani, kingo za mchoro zitakosa nguzo na zitalegea.

Picha pacha ni mkono uliotikisika. Wengi hubonyeza halafu "wanahakikisha" kwa kuutingisha muhuri huku na huku. Usiutingishe. Shusha wima, kandamiza, inua wima, na mkono mwingine uishike kadi.

Wino unajikusanya kwa vitone

Hutokea kwa muhuri mpya, zaidi ile ya plastiki inayopitisha mwanga. Uso wake bado una utelezi wa kiwandani, na wino unakimbiana nao. Sugua uso wote kwa raba ya penseli, au upitishe mara chache kwenye suruali ya jinzi, kisha osha. Msasa laini kabisa pia hufanya kazi, lakini huo ni kwa sehemu pana nyeusi tu; ukiupitisha juu ya makuti utaondoka na makuti.

Muhuri wa mpira uliochongwa kwa leza na fundi una shida yake: unga mweusi wa mpira ulioungua umebaki kwenye mifereji. Usiupake wino kabla hujauosha kwa sabuni na mswaki hadi maji yatoke meupe, la sivyo unga huo unahamia kwenye pedi na pedi haitapona.

Wino haukauki

Unachapa jioni, asubuhi unagusa na kidole kinatoka cheusi. Kabla ya kuhukumu, jua una wino gani.

Pedi ya kawaida ya ofisini kwa kawaida ina rangi iliyochanganywa na majimaji kama gliserini, kusudi isikauke ndani ya boksi lake hata ikikaa wazi. Wino wa namna hiyo haukauki kwa hewa. Hukauka kwa kunywewa na karatasi. Barua ya kawaida inaunywa mara moja. Kadi ya kung'aa haiunywi hata kidogo, kwa hiyo wino unabaki juu, mbichi. Zaidi ya hapo, gliserini huvuta unyevu kutoka hewani. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, hewa ikiwa nzito, kadi inayokauka vizuri kule Iringa mwezi wa Septemba inaweza kunata siku nzima. Feni haitakusaidia sana. Badili karatasi: tumia manila isiyong'aa. Kama mteja anang'ang'ania ile ya kung'aa, tafuta wino wa kudumu wa kuchapia kwenye plastiki na chuma, ambao kiyeyushi chake huruka hewani chenyewe.

Wino wa pigimenti, ule mzito unaokaa juu ya karatasi kama rangi ya ukutani, nao huchelewa, lakini huo unastahili kusubiriwa: weusi wake ni mzito na jua haliufifishi haraka. Wino mwepesi wa rangi iliyoyeyuka majini hukauka upesi, ila kadi ikining'inizwa dirishani itapauka. Kwa kadi za harusi, ambazo watu huzitunza, mimi huchagua mzito na kuzitandaza usiku kucha zisigusane.

Kazi ya haraka? Nyunyizia poda ya mtoto kiasi, subiri kidogo, pangusa kwa brashi laini. Weusi utapungua kidogo. Si dawa nzuri, ila basi la asubuhi halingoji.

Wino unatambaa na mistari ina manyoya

Karatasi haina gundi ya kutosha ndani yake. Kiwandani karatasi ya kuandikia huwekwa dawa ya kuzuia wino usipenye ovyo. Karatasi nyingi za kutengeneza kwa mkono hazina. Na hizo ndizo tunazozipenda kwa kadi za kijijini: zile za nyuzi za mgomba, na zile za kinyesi cha tembo zinazotengenezwa Kenya. Ni nzuri kwa macho na mkono, ila zina adhabu mbili kwa muhuri. Wino unafuata nyuzi, na vinundu vya uso wake vinapokea wino huku mabonde yakibaki matupu.

Unaweza kupaka uji mwepesi sana wa wanga kwa brashi, ukauke chini ya vitabu vizito, kisha uchape kwa wino wa pigimenti. Hilo hupunguza kutambaa, lakini vinundu viko palepale. Ushauri wangu ni kuacha kupigana. Chapa mandhari kwenye karatasi nyeupe laini, ikate au ichane kingo kwa rula, kisha ibandike katikati ya karatasi ya mgomba kama picha ndani ya fremu. Karatasi ya mkono inaonekana zaidi hivyo kuliko ikifunikwa na mchoro wenye mabaka.

Ng'ombe anaonekana kupitia ukuta wa nyumba

Ukiunganisha mihuri midogo kujenga mandhari yako, hili halikwepeki. Wino wa muhuri unapitisha mwanga, kwa hiyo ukichapa nyumba halafu ng'ombe mbele yake, ukuta unakatiza tumboni mwa ng'ombe.

Kanuni ni kuanza na kilicho karibu na mtazamaji na kumalizia na kilicho mbali, kinyume na anavyofanya mchoraji wa rangi za mafuta. Chapa ng'ombe kwenye kadi. Chapa ng'ombe huyohuyo tena kwenye karatasi nyembamba, vizuri zaidi zile karatasi ndogo za manjano zenye gundi hafifu upande mmoja, na umkate kwa mkasi ukifuata mstari wake. Mfunike ng'ombe wa kadi kwa huyo wa karatasi. Sasa chapa nyumba juu yake bila woga. Ukiondoa kifuniko, nyumba iko nyuma.

Ukibakiwa na mwanya mweupe kuzunguka ng'ombe, kifuniko ni kikubwa. Kata ndani kidogo ya mstari, upana wa unywele tu. Nyumba ikimgusa ng'ombe, kifuniko ni kidogo au kimesogea. Na kama mwanya unaonekana hata kifuniko kikiwa sawa, karatasi uliyokatia ni nene mno na inauinua muhuri. Tunza vifuniko hivyo kwenye bahasha pamoja na muhuri wake; kumkata mbuzi mwenye pembe kila mara ni uchovu usio wa lazima.

Kuna kosa jingine la kujenga mandhari ambalo si la wino. Miti inaelea. Mbuyu uko hapa, kisima kiko juu kidogo, kuku yuko katikati ya anga. Kila kitu kinataka ardhi. Chana ukingo wa karatasi kwa mkono upate mstari usio sawa, uweke juu ya kadi, na ugonge sponji yenye wino hafifu kando yake: unapata kilima. Vitu vya mbali viwe vidogo na vikae juu zaidi kwenye karatasi, vya karibu vikubwa na chini. Kuku mwenye kimo cha mlango wa nyumba, mwenye kadi atamwona kabla ya kusoma salamu.

Ukipaka rangi, mistari inayeyuka

Wino na rangi visiwe vya ukoo mmoja. Rangi za maji huyeyusha wino wa maji, na makapeni za spiriti huyeyusha wino wa kudumu wenye kiyeyushi cha namna hiyo. Kwa hiyo rangi za maji zinataka wino usioogopa maji, uliokauka kabisa. Maka za spiriti zinataka wino wa maji uliotengenezwa kuzistahimili. Wino wa pedi ya ofisini hauaminiki kwa zote mbili. Usikisie: chapa kwenye kipande, kikauke, pitisha rangi, tazama.

Penseli za rangi hazina ugomvi na wino wowote uliokauka. Ni nafuu, zinapatikana duka lolote la vifaa vya shule, na kwa udongo mwekundu, nyasi kavu na makuti yaliyozeeka zinatoa rangi tulivu kuliko maka yoyote. Watu wanazidharau kwa sababu ni za watoto.

Poda ya kuyeyusha imeharibu kila kitu

Hii ni ile poda inayonyunyiziwa kwenye wino mbichi, kisha huyeyushwa kwa joto mistari ikainuka na kung'aa. Inataka wino unaochelewa kukauka. Juu ya wino mwepesi haitashika, au itashika nusu.

Chembe zikitapakaa nje ya mchoro, karatasi ina mafuta ya vidole au umeme tuli. Kabla ya kuchapa, pitisha kijifuko cha kitambaa chenye poda ya mtoto juu ya karatasi yote. Chembe chache zilizobaki ziondoe kwa brashi kavu ndogo kabla ya joto, maana zikiyeyuka zimeshaingia.

Poda ikipeperuka, unatumia mashine ya kukaushia nywele. Ina upepo mwingi na joto dogo. Kinachotakiwa ni bunduki ya joto, yenye joto kali na upepo kidogo. Usipokuwa nayo, shikilia kadi kwa koleo juu ya jiko la umeme, upande wa picha ukiwa juu, umbali wa kiganja, ukiisogeza bila kusimama. Poda itaanza kung'aa mahali pamoja na mng'ao utatembea. Ukishapita, ondoa hapohapo. Kadi iliyozidishiwa joto inajulikana: mstari unabonyea, mng'ao unafifia, na nyuma ya karatasi panaonekana kama pamedondokewa mafuta. Hiyo hairudi.

Mkunjo unapasuka, kadi inapinda, bahasha haitoshi

Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ikunje kidogo bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio mwelekeo wa nyuzi, na mkunjo wa kadi uufuate. Kwa manila ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba usikunje kabla ya kuchora mfereji kwa rula na kalamu iliyoisha wino. Mfereji ubaki upande wa nje wa kadi, kivimbe kiingie ndani.

Kadi iliyopinda baada ya kubandikwa imekunywa maji ya gundi. Tumia selotepu ya pande mbili, au gundi kavu ya kijiti.

A4 ukiikata katikati na kukunja kila nusu, unapata kadi mbili za milimita 105 kwa 148, ambazo huingia kwenye bahasha ya C6, milimita 114 kwa 162. Nunua bahasha kwanza, kata kadi baadaye. Ukishabandika kamba ya katani na kipande cha gome juu yake, unene huo nao unataka nafasi.

Muhuri wenyewe umechoka

Mpira unaonata, uliovimba au unaoachana na sponji iliyo kati yake na ubao umeoshwa kwa petroli, mafuta ya taa au thina. Mpira wa asili huvinywa vimiminika hivyo na kuvimba, hata ule uliopikwa na salfa kwa njia ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza Marekani mwaka 1844. Kilichovimba sana hakirudi katika umbo lake. Mpira wenye nyufa nao umekaa juani. Mihuri ikae kwenye droo, uso chini, bila kurundikwa. Ile ya plastiki kubadilika rangi kuwa manjano si ugonjwa, mradi haijawa migumu.

Ukiagiza mpya kwa fundi wa leza, mpelekee mchoro wa nyeusi na nyeupe tu, usio na kijivu, kwa sababu leza ya muhuri haijui kijivu: itakibadilisha kuwa vitone au itakifuta. Mistari isipungue unene wa milimita 0.3, na nafasi kati ya nyasi na nyasi iwe pana kuliko mstari wenyewe, maana wino utazila nafasi hizo. Kama kuna salamu, muulize yeye ndiye atakayeigeuza au ni wewe. Mkiigeuza wote wawili, "Heri ya Krismasi" itasomeka vizuri kwenye mpira na kinyume kwenye kadi. Weusi mpana wa shina la mbuyu mwambie auvunje kwa mistari michache myeupe ya magome. Wino utakaa vizuri zaidi, na mkono wako hautalazimika kuchagua kati ya shina na makuti.